Nitukane, Mtani

Katika mji wa Nachingwea kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye watu walilipa kiingilio ili wasikie akitukanwa, naye ni Bonifasi. Alasiri za Ramadhani ya mwaka 2004, vijana waliofunga walijazana kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, wakampa mkewe Lusiana hela mlangoni, wakakaa kwenye mabenchi kupitisha saa za saumu. Hawakuja kwa ajili ya sinema. Walikuja kuangalia marudio: mechi za gemu ya ngumi ambazo Bonifasi alizicheza mwenyewe asubuhi au jana yake, zikarekodiwa kwenye mkanda wa video, na sasa Ausi, fundi redio, alisimama kando ya runinga kumwonyesha alipoboronga.

"Ngoja, ngoja!" Ausi alibonyeza deki kwa kidole, maana rimoti ilikufa zamani. Picha ikaganda ikitetemeka. "Jamani, tazameni wenyewe. Adui yuko juu, kaning'inia kama suruali kwenye kamba. Mheshimiwa dereva wetu anafanya nini? Anapiga teke la chini. Anampiga nani? Anaua mende?"

Mabenchi yalilipuka kwa kicheko.

"Nilijua Wamwera hawana akili," Ausi aliendelea, "lakini nilidhani angalau macho Mungu aliwapa."

"Myao we," Bonifasi alijibu kutoka nyuma, kwenye benchi la wenye nyumba lililokuwa karibu na mlango. "Umefunga chakula, si ungefunga na mdomo?"

"Saumu inanikataza kusengenya. Kumtania Mmwera nina kibali cha mababu."

Na hapa tuseme ukweli: bila utani huo, marudio yasingewezekana. Nani angethubutu kumwambia mtu mzima, baba wa mtoto, dereva wa lori la Fuso, kwamba hajui kukinga, tena mbele ya vijana wadogo? Ndugu yake angeambiwa ana wivu. Mkewe angeambiwa hana adabu. Lakini Myao na Mmwera ni watani, na mtani hakasirikiwi. Ausi ndiye aliyepitisha waya za gemu kwenye deki, akarekodi mechi moja baada ya nyingine, na kwa matusi yake Bonifasi alijifunza mengi: asikurupuke, amwache adui apige hewa ndipo ajibu, asirudie pigo moja kama mtu anayetwanga mahindi. Mtu wake kwenye gemu alikuwa mnene mwenye upara, vijana walimwita Gunia, na ukikaribiana na Gunia habari yako imekwisha.

Kosa moja tu lilikataa kutoka. Adui akiruka kutoka mbali, au akirusha moto kutoka pembeni kabisa, Bonifasi alipigwa kama gogo. Na siku ya Idi pili walikuwa wanakwenda Ruangwa kupambana na Abdulatifu, bingwa wa kule, ambaye alimchezesha mwembamba mmoja aliyeitwa Panzi kwa sababu hakutulia chini. Mbuzi mzima aliwekwa kwa mshindi. Lakini mbuzi ni kisingizio tu. Kushindwa na Ruangwa kungesimuliwa mpaka msimu wa mbaazi.

Ausi akaachia picha iendelee. Kabla hajafungua mdomo, Bonifasi alipaza sauti kutoka nyuma: "Anaruka huyo! Anaruka, nainama bure!" Na kweli adui akaruka, na Gunia akala teke la uso.

"Sasa wewe," Ausi alisema, mikono kiunoni, "mbona kwenye marudio unaona, ukicheza huoni?"

Watu wakacheka tena, Bonifasi naye akacheka. Lusiana, mwenye kopo la hela mapajani, hakucheka. Swali lile lilimwingia kama mwiba wa mguu ambao huusikii mpaka ukanyage tena.

*

Alikanyaga tena kesho yake, kisimani, alipokutana na jirani yake mama Dionisia.

"Mwenzangu, mumeo siku hizi anaringa," mama Dionisia alisema huku akifunga ndoo yake. "Jana nimempa mkono pale kwa wauza dagaa, ubavu kwa ubavu, mkono wangu ukabaki hewani. Watu wakanitazama mimi. Kuendesha gari la mtu tu ndiyo hatusalimiani?"

"Nisamehe, mama Dionisia. Labda hakukuona."

"Hakuniona? Mimi na unene huu?"

Lusiana alibeba ndoo yake kichwani, na njia nzima mambo yalijipanga yenyewe. Kikombe cha chai kilichowekwa kando ya mkono, kila siku kinaangushwa, na kila siku anayelaumiwa ni Sofia, mtoto wao mdogo, kwamba anakiacha vibaya. Bega la mumewe lenye michubuko ya mlango. Mbuzi wa Marambo, aliyegongwa na Fuso mchana kweupe, barabara nyeupe, hakuna gari jingine. Yote hayo aliyaona yakitokea, na yote aliyapa jina jingine: uchovu, mawazo, haraka. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Lusiana alipenda.

Nyumbani alimkuta Bonifasi anakula. Akachukua kiberiti, akakaa ubavuni pake kama anayetaka kuzungumza, akakiinua usawa wa sikio la mumewe. Akakisogeza mbele taratibu. Kikapita sikio, kikapita shavu. Bonifasi aliendelea kumega ugali, macho kwenye bakuli, hakushtuka. Kiberiti kilipokaribia pua ndipo alipogeuka.

"Unafanya nini?"

"Nafukuza inzi," Lusiana alisema. Akahamia upande wa pili, akajaribu tena, na tena ikawa vilevile.

"Tangu lini, baba Sofia?"

"Tangu lini nini?"

"Nilikuwekea kiberiti hapa, na hapa. Hukukiona."

Bonifasi aliacha tonge mkononi. Angeweza kukataa, na Lusiana aliomba moyoni akatae, apige meza, amwite mwendawazimu. Hakukataa.

"Msimu uliopita wa korosho," alisema. "Mbele naona vizuri tu. Nasoma hata gazeti. Pembeni ndiyo kama kuna ukungu."

"Na mbuzi wa Marambo?"

"Sikumwona. Nilimsikia."

"Angekuwa mtoto je?"

Nje Sofia alikuwa anaimba na wenzake, wakirukaruka kwenye vumbi.

"Twende hospitali," Lusiana alisema.

"Baada ya Idi."

"Na gari? Mwambie tajiri wako, Mzee Rashidy, atafute mtu, hata kwa muda."

"Nimwambie tajiri sioni? Kesho yake usukani una mtu mwingine. Halafu mimi ni nani hapa mjini, Lusiana? Mume wa mama wa video?" Alisukuma bakuli. "Unaikumbuka kamba ya kwa mzee?"

Lusiana aliikumbuka. Huko Chiola, baba mkwe wake, Mzee Kipriani, alitembea kwa kushika kamba iliyofungwa kutoka mlangoni mpaka chooni, na nje ya kamba ile hakuwa na dunia nyingine.

"Alianza hivihivi," Bonifasi alisema. "Kamba ile niliifunga mimi kwa mikono yangu. Sitaki Sofia aje anifungie mimi. Niache nicheze Ruangwa, niendeshe mpaka Idi ipite. Baada ya Idi nitakwenda popote utakaponipeleka."

*

Ausi alifanya kazi kwenye kibaraza kimoja cha sokoni, meza yake imejaa matumbo ya redio. Alipomwona Lusiana alisogeza kigoda.

"Karibu, shemeji. Mmwera wangu kakuudhi? Niambie, nimtukane vizuri leo."

Lusiana alimweleza. Alieleza bila kulia, ila sauti yake ilishuka kila mtu alipopita karibu. Alisema kinachomsumbua ni lile swali la marudio. Kwenye marudio Bonifasi hukaa nyuma kabisa mlangoni, na huko anaona kila kitu. Akicheza, waya za pedi za kuchezea gemu, zilizotafunwa na panya na kuungwaungwa zimekuwa fupi mno, anakaa karibu na runinga kiasi cha kuigusa, na hapo pembe zote zinampotea. "Ni kama anachungulia kwenye bomba. Ukikaa mbali na kitu, bomba linakitosha. Ukikaribia, unaona kipande tu."

Ausi aliweka chini chuma cha kulehemu.

"Mimi nimemwita kipofu mbele za watu tangu mwezi uandame," alisema.

"Hukujua."

"Hata wewe umekaa ukasikia."

"Hata mimi sikujua. Sasa nisaidie, ndugu yangu. Mwambie wewe. Mimi nikisema ni kelele za mke, wewe ukisema ni utani, atausikia na hatakasirika. Mwambie mbele ya watu aache gari."

Ausi alitikisa kichwa. "Shemeji, siku ya msiba wa mjomba wake nililala kwenye njia ya makaburi nikasema jeneza halipiti mpaka nilipwe kuku. Walicheka na machozi yao. Lakini marehemu hakuwa anasikia. Huyu anasikia. Utani ni kumsingizia mtu. Likiwa la kweli, ninaanzia wapi kulitania?"

Lusiana aliondoka na uzito uleule aliokuja nao, sasa umeongezeka na wa mtu wa pili.

*

Marudio ya siku iliyofuata yalikuwa ya ajabu. Chumba kilijaa kama kawaida. Panzi, aliyechezwa na kijana mmoja wa mjini kwa mazoezi, aliruka mara ya kwanza na Gunia akala teke. Ausi hakusimamisha picha. Panzi akaruka tena. Ausi akakohoa.

"Hapo... umejitahidi," alisema.

Watu wakasubiri. Walijua Ausi hupenda kuanza kwa upole ili tusi liangukie pazuri. Tusi halikuja.

"Adui alikuwa na bahati tu," Ausi aliongeza, macho sakafuni.

"Fundi, leo vipi?" kijana mmoja aliuliza. "Kama ni hivi tupeni hela zetu tukalale."

Wengine wakacheka. Bonifasi alisimama pale nyuma. "Mtani," alisema, "hapo nimepigwa kama ngoma ya unyago. Nitukane."

"Saumu imenichosha, ndugu yangu."

"Ndugu yangu?" Bonifasi alisema polepole. "Tangu lini mimi ni ndugu yako?"

Bonifasi alimgeukia mkewe, na Lusiana akainamia kopo lake la hela. Bonifasi hakuhitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Ramadhani nzima alikuwa ameitwa mjinga, gogo, kipofu, akalala usingizi mzuri. Leo tusi lilikuwa hilo la ndugu yangu. Alitoka nje bila neno, bega likagonga mwimo wa mlango, na kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba aliugonga.

Baadaye, chumba kilipobaki kitupu, alimwambia mkewe: "Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Mnanionea huruma mpaka Myao. Basi mmeshanizika."

"Ukikaa mbali unaona, baba Sofia. Hilo tu ndilo nataka ulijue. Na barabara—"

"Baada ya Idi," alisema, akaenda kulala jua halijazama.

*

Asubuhi ya Idi pili Fuso lilipambwa kanga mpaka likaonekana linaolewa. Vijana walijaa juu wakiimba, na Ausi akapakia deki yake aliyoifunga kwenye blanketi, maana alisema mechi isiyorekodiwa ni uvumi tu. Mwenye gari, Mzee Rashidy, alikuwa tayari Ruangwa kwa ndugu zake, na ni yeye aliyetoa lori kwa ajili ya sherehe.

Ausi alikaa dirishani, upande wa kushoto. Lusiana akaingia katikati.

"Sofia yuko wapi?" Bonifasi aliuliza, mkono kwenye ufunguo.

"Nimemwacha kwa mama Dionisia. Ana mafua."

"Mbona asubuhi hakuwa na mafua?"

Lusiana alitazama mbele. Bonifasi alimwangalia kwa muda, halafu akawasha gari. Wapo wanaume wanaopigwa na wake zao makofi yasiyouma kama jibu lile.

Wakatoka mjini. Vumbi jekundu, mikorosho pande zote mbili, watu wa Idi na nguo mpya kando ya barabara. Lusiana alishika ukingo wa dashibodi kwa vidole vyote.

"Baiskeli, kushoto."

"Naiona."

"Watoto, kulia, wako wengi."

"Nawaona. Usiniendeshee."

Akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu sasa aliona vyote peke yake: kuku, mama mwenye kuni, mbwa aliyelala. Kila kilichopita salama alikishukuru, na kabla hajamaliza kushukuru kimekuja kingine. Ausi naye alikuwa ametoa kichwa dirishani, hasemi, anaheshimu; na heshima hiyo ilikijaza chumba cha dereva kama moshi.

Kwenye kona moja, kutoka kwenye kijia cha kushoto, alitokea mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Alikuwa amenyanyua mkono. Lori halikupunguza mwendo hata kidogo.

"Breki!" Ausi alipiga kelele. "Breki, kipofu we! Utaua mtu!"

Fuso liliserereka likalalama, wa juu wakaangukiana, vumbi likafunika kioo. Halafu vumbi likapungua, na mzee akaonekana amesimama mbele ya bampa, mzima, baiskeli imelala, gunia limepasuka.

Bonifasi alishuka.

"Mwanangu," mzee alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoumiza, "nimekupungia tangu kule kwenye mkorosho. Ukanitazama tu. Nikasema, dereva huyu ana dharau, lakini atasimama."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Salamu imechelewa, ila imefika."

Bonifasi alipiga magoti barabarani, akaokota mkaa kipande kwa kipande mpaka mikono na suruali ya Idi vikawa vyeusi. Vijana walitaka kushuka wamsaidie, akawakataza. Aliporudi kwenye usukani aliendesha kwa gia ndogo mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na Lusiana akaanza tena kutaja: mtoto, mbuzi, baiskeli. Safari hii Bonifasi hakusema naona. Kila mara alijibu, "Nimesikia."

*

Banda la Ruangwa lilikuwa la mabati, jenereta linanguruma nje, joto la kupikia maandazi ndani. Viti viwili vilisogezwa karibu na runinga, kama ilivyo desturi ya kila banda. Mzee Rashidy alikuwa amekalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, kanzu mpya, uso wa mtu aliyeshiba. Mshindi ni wa mechi mbili kati ya tatu.

Ya kwanza haikuwa mechi. Abdulatifu, kijana mpole mwenye vidole virefu, alimpeleka Panzi ukingoni, akamrusha, akamrusha tena. Gunia alipiga hewa mpaka watu wa Ruangwa wakaanza kumhurumia. Mmoja wa Nachingwea alisema kwa sauti ya kusikika kwamba jamaa amekula hela za watu bure mwezi mzima.

Jenereta likataka mafuta. Lilipowashwa tena, Ausi aliomba nafasi, akarudisha mkanda. Bonifasi alisimama ukutani, nyuma ya watu wote, mikono bado ina mkaa, akaangalia kipigo chake mwenyewe. Na kutoka pale aliona. Aliona Panzi akianza kuinama kidogo kabla ya kuruka. Aliona kwamba kila akitua hukaa kidogo bila kinga. Aliona kila kitu, wazi kabisa, na alijua kila mtu mle ndani alikuwa akikiona tangu mwanzo isipokuwa yeye.

Akakitazama kile kiti cha mbele. Akazitazama waya za pedi, ambazo hapa zilikuwa mpya na ndefu. Akamtafuta mkewe. Lusiana alikuwa amesimama karibu na Mzee Rashidy, na alikwisha elewa mumewe anafikiria nini, na kwamba tajiri yuko pale pale ataona.

"Ausi," Bonifasi aliita.

"Naam, ndugu yangu."

"Sina undugu na Myao. Umeona marudio?"

"Nimeona."

"Basi nitukane, mtani."

Ausi alimtazama. Halafu akavuta pumzi, na sauti yake ikatoka kama ya siku zote, ila ilipasuka katikati. "Vuta kiti nyuma, kipofu mkubwa we! Umemkaribia tivii kama unataka kumposa! Macho yako bomba la baiskeli, utaionaje dunia kwa tundu moja? Nyuma! Nyuma zaidi! Ungekuwa na akili ungecheza umekaa Nachingwea!"

Banda zima lilicheka, Ruangwa na Nachingwea pamoja. Bonifasi naye alicheka, akakokota kiti mpaka waya zikanyooka, watu wakapisha magoti yao, na mechi ya pili ikaanza. Panzi akainama kidogo. Gunia akasubiri. Panzi akaruka, na ngumi ya Gunia ikamkuta hewani.

Ya pili ilikuwa ya Bonifasi. Ya tatu ilikwenda mpaka wote wawili walibaki na uhai wa kidole, Panzi akaruka mara ya mwisho, na mara ya mwisho akadunguliwa. Vijana wa Nachingwea walipasua koo. Mtu alimleta mbuzi ndani, mbuzi akaogopa, akakojoa.

Mzee Rashidy peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anakitazama kile kiti kilichobaki katikati ya banda, mbali na runinga. Alisubiri Bonifasi ashushwe mabegani mwa watu, akamwita pembeni, Lusiana akawafuata.

"Hongera," alisema. "Umenipa raha. Sasa nijibu kitu, Bonifasi. Kwenye tivii umerudi nyuma ukaona. Barabarani utarudi nyuma wapi?"

Bonifasi alifungua mdomo. Neno la baada ya Idi lilikuwa pale pale ulimini. Akalimeza. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha tajiri, na ulichukua muda kidogo kutoka vidoleni mwake.

"Kazi nyingine sikuahidi," Mzee Rashidy alisema, akitazama ufunguo uliopakaa mkaa. "Nina watoto wangu na mimi. Ila hukunidanganya. Hilo nitalisema kwa watu."

"Nilikudanganya msimu mzima, tajiri."

"Basi nitasema la leo."

*

Mzee Rashidy aliendesha mwenyewe kurudi, na aliendesha vibaya, gia zikilia kila kilima. Ausi alikuwa juu na vijana na mbuzi. Wimbo wa ushindi ulikuwa na jina la Bonifasi ndani yake, na Bonifasi alikaa dirishani, upande wa kushoto, akiusikiliza kama wimbo wa mtu mwingine. Hakuwa na pa kuweka mikono yake. Miaka yote mikono ile ilikuwa na usukani.

"Idi imekwisha, baba Sofia," Lusiana alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Kesho hospitali. Wanasema ikiwa ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa."

"Na kisipolindika?"

Lusiana alitazama barabara. "Kuna mama ana mtungi, kushoto kwako," alisema. "Amekupungia."

Bonifasi alitoa mkono dirishani. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba!" sauti ikajibu kutoka kwenye ukungu wa Bonifasi.

Alimgeukia mkewe. "Nani mwingine?"

"Wazee wawili kwenye gogo."

"Shikamooni, wazee wangu!"

Ikawa hivyo. Lusiana alitaja, yeye akasalimu, watoto, wauza mihogo, mtu na baiskeli yake, kila mmoja kwa heshima yake, mpaka hakungoja tena kutajiwa. Karibu na ile kona ya mkaa alihisi kitu kimesimama kando ya barabara, akainua mkono wake mweusi, akainamisha na kichwa.

"Shikamoo, mzee!"

Hakuna aliyeitikia.

"Hapo hapana mtu," Lusiana alisema. "Ni kisiki."

Sauti ya Ausi ikashuka kutoka juu ya lori, kubwa, bila huruma hata chembe: "Jamani njooni muone! Bingwa wa Wamwera anaamkia kisiki!"

Vijana walianguka kwa kicheko. Bonifasi naye alicheka, alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtiririka. Lusiana aliyatazama machozi yale, hakujua mangapi ni ya kicheko, akayafuta kwa ncha ya kanga, jicho moja, kisha la pili, taratibu, kama anayefuta kitu kinachoweza kuvunjika.